Kandambili Mlangoni kwa Diwani

Hebu niambie, ukikuta kandambili zimejaa mlangoni kwako na ndani hamna mgeni hata mmoja, utafanyaje? Mama yake diwani alizipanga vizuri, za bluu huku, nyekundu kule, maana hakupenda baraza lake lifanane na gulio.

Zilikuwa zikija zenyewe asubuhi, taratibu, zikijipangusa vumbi kwenye kitambaa cha mlangoni. Alipojaribu jozi moja, sauti ilimpanda kutoka nyayoni: "Diwani wetu ni nani?" Akavaa nyingine: "Zahanati itafunguliwa lini?" Ya tatu ikauliza hilo hilo, na ya nne. Akaelewa. Kila swali ambalo watu wa kata waliuliza mtandaoni lilivaa kandambili likamfuata mwenye jibu.

"Achana nazo, mama," diwani alisema, akiziruka na viatu vyake vilivyong'arishwa. "Watu wangu huko mtandaoni wanatafuta mpira na nyimbo. Siasa hawana habari nayo."

"Na hizi za nani, baba?"

Zilikuwa za zambarau, kisigino kimeliwa upande mmoja. Zake mama mwenyewe. Binti yake wa mwisho alikuwa mjamzito, wa kujifungua siku yoyote, na zahanati mpya ilikuwa na kufuli tangu utepe ulipokatwa. Kumuuliza mwanawe aliona haya, basi akainong'onezea simu.

Diwani alitazama saa. "Ufunguo uko kwa mkandarasi, mama."

Jumamosi wakaja wageni kutoka makao makuu ya chama. Diwani aliwaambia, kikombe mkononi, kwamba kata yake haina malalamiko, hata simu za watu wake zinaonyesha hivyo.

Mama akaweka sinia chini, akavaa kandambili zake.

"Mama, kaa basi," diwani alisema kwa sauti ndogo.

Kule nje kandambili zikaanza kujipiga, pa, pa, pa, kuanzia barazani hadi barabarani, makofi ya kata nzima. Wageni walikunja miguu kuzipisha zilipoingia.

Kufuli liko pale pale hadi leo, limeshika kutu. Mtoto wa yule binti alizaliwa salama, kwenye kochi jipya la diwani. Lakini Jumamosi ile mama alisimama katikati ya sebule, mikono bado ina maji ya vyombo, akangoja makofi yatulie, akasema kwa kinywa chake:

"Mwanangu, zahanati utaifungua lini?"