Vidole Vinane

Bibi Riziki wa mtaa wa Waswahili, Rumonge, alikuwa na ini la binti yake tumboni, wala hakuwa mtu wa kulificha jambo hilo. Wanawake wengine, alisema, huzaa mtoto wakaishia hapo. Yeye alizaa, akalea, akaozesha, kisha akaenda kuomba kipande kirudishwe.

Binti mwenyewe, Raisa, aliuza mawese sokoni, na ulimi wake wateja waliuogopa kuliko mizani yake. Mama na binti walipasuliwa pamoja kule Uhindi, huu mwaka wa saba, baada ya ini la Bibi kuoza kwa ugonjwa wa manjano uliomkaa miaka mingi bila kubisha hodi. Tangu hapo, kila Bibi alipogombana na muuza samaki wa mukeke sokoni, alijishika ubavu wa kulia na kusema, "Unisamehe baba, si mimi. Ni Raisa huyo."

Ini la kupewa halikai hivihivi. Lina dawa yake, kidonge cha asubuhi na cha usiku mpaka kaburini, na Bibi aliwaeleza majirani kazi yake kwa namna ambayo hakuna daktari angethubutu. "Mwili ni mke mkubwa," alisema. "Akijua kuna mwenzake ameletwa ndani, atavunja vyombo vyote. Hii dawa ndiyo inamwambia: lala, mama, hakuna mutu hapa." Dawa hiyohiyo ilimtetemesha mikono, hata chai ya mgeni ikafika nusu kikombeni, nusu kwenye sahani. Bibi alikuwa akiwaambia wageni waanze na sahani.

Jambo moja tu hakuwaeleza majirani, nalo lilikuwa kosa la mdomo uliofungwa, si la mdomo uliosema uongo. Kidonge chake cha usiku alikimeza saa nane. Mtaa mzima umelala, mbwa wamenyamaza, yeye anawasha taa, anameza, kisha anakaa kitako kwenye mkeka kwa muda ili kidonge kisimkwame, kwa maana alisikia habari ya mtu aliyekabwa na kidonge akafa akiwa amelala chali. Basi mwadhini wao, Mzee Uledi, ambaye kibofu chake kilimtoa nje kila usiku, akaiona taa ile. Akaiona tena na tena. Hakuuliza. Alikwenda msikitini akasema kwamba mtaa huu unalindwa, kuna mama mgonjwa hapa anayesimama usiku kumwomba Mola wakati vijana wazima wanakoroma.

Wanawake wakaanza kuja kuomba dua. Bibi alitaka kusema kweli siku ya kwanza, lakini mgeni alikuwa ameleta ndizi. Siku ya pili mwingine akaleta mchele. Sifa ni kama mawese, ukishapakwa haitoki kwa maji matupu. Baada ya mwaka Bibi alikuwa na mtandio mweupe, na mwendo wa polepole aliojifunza mwenyewe, kwa sababu aliona haipendezi walii kukimbilia ndagala, dagaa wa ziwani.

Mambo yaliharibika mwaka huu. Daktari Casimir, kijana mpole wa kliniki moja Bujumbura aliyempokea Bibi kutoka kwa daktari aliyestaafu, mzee asiyegusa kipimo cha dawa maadamu ini limetulia, alikuwa akimtoa damu kila baada ya miezi michache. Akaona dawa imejaa kwenye damu kupita kiasi. Akapunguza, ili isimharibie figo. Akapima tena, bado nyingi, akapunguza tena. Kisha ini likaanza kulalamika.

"Sielewi, mukecuru," alimwambia mara ya mwisho, akimwita kwa lile jina la heshima la Kirundi wanaloitwa wazee wa kike. "Dawa iko ya kutosha kwa damu, lakini mwili unaanza kukataa ini. Unameza kweli?"

"Ninameza kuliko ninavyokula."

"Basi nikipima tena nikute hivihivi, tutabadilisha dawa. Na hiyo ikishindwa..."

Raisa alikuwa amekaa pembeni. Kwa kawaida angemhoji daktari mpaka jasho limtoke. Siku hiyo hakusema neno, na hakusema neno njia nzima ya kurudi Rumonge, na hapo ndipo Bibi alipoogopa sana. Mtu hatoi ini mara mbili. Lile likifa, hakuna lingine, na litakuwa limekufa mikononi mwake, yeye aliyekabidhiwa. Waswahili humwita mtu wampendaye nyongo mkalia ini. Yeye alikuwa amekaliwa kwelikweli, na bado alikuwa anampoteza mkaaji. Usiku alijibonyeza ubavuni na kuliambia lile ini, "Vumilia, mama yangu. Mwenye nyumba ni mjinga lakini anakupenda."

Hakujua alikuwa amesema kweli namna gani.

Siku ya kupimwa tena mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Walitoka Rumonge alfajiri, lakini pale Gitaza mlima ulikuwa umemwaga matope barabarani, magari yakasimama msururu, na watu wakashuka kuangalia ziwa lilivyogeuka chai ya maziwa kando ya ukingo. Akina mama wa Gitaza wakapita dirishani na ndagala zao kavu. Bibi akanunua, akasahau kwamba walii hakimbilii ndagala. Walipofika Bujumbura, adhuhuri ilikuwa imeshaadhiniwa.

"Pole sana, mukecuru," alisema Daktari Casimir. "Ninajua umeichelewesha dawa ya asubuhi ili tukutoe damu kwanza. Umefanya vizuri. Généreuse anakuja sasa hivi na sindano."

Bibi akaitikia kwa kichwa. Hakuna alichochelewesha, lakini hakuwa na tabia ya kukataa sifa. Hilo tumekwisha kuliona.

Wakimngoja Généreuse, daktari akaeleza ni dawa zipi anaweza kumhamishia. Kuna ya zamani, alisema, imewaweka watu hai miaka ishirini na zaidi na ini la kupewa, lakini ina vituko vyake: presha hupanda, fizi huvimba, na wanawake wengine huota nywele usoni.

"Nywele gani?" akauliza Bibi.

"Ndevu kidogo. Si kwa wote."

Bibi akafikiri. Tayari mtaani wanakuja kuomba dua kwake. Akirudi na ndevu watamkabidhi na mimbari. "Mwanangu," alisema, "hakuna ingine?"

"Iko ingine mpya, haiumizi figo sana. Lakini kwako wewe siwezi kuianza kabla sijajua kwa nini hii inashindwa. Miaka saba imekuchukua vizuri. Mutu hafukuzi mpishi kabla hajaonja mchuzi."

Raisa akasema kwa sauti ndogo isiyokuwa yake, "Dogiteri, ndevu tutanyoa. Muradi akae."

Bibi akamtazama binti yake, na ili asilie mbele ya watu akaangalia saa yake ya mkononi. Ilikuwa saa nane kamili. Akafungua pindo la kitenge, akatoa kopo dogo la mafuta ya kujipaka alimotia dawa zake, akachukua kidonge, akanyoosha mkono kwenye bilauri ya maji ya daktari.

"Mukecuru! Unafanya nini?"

"Ninameza dawa."

"Si tumesema damu kwanza! Umengoja tangu asubuhi, ngoja hata dakika tano!"

"Sikungoja tangu asubuhi, mwanangu. Saa yake ndiyo hii. Saa nane."

Daktari akaweka kalamu chini. "Saa nane. Na cha usiku?"

"Saa nane vilevile. Usiku wa manane. Sijakosa hata siku moja, mwulize Mzee Uledi."

Raisa akageuka mzima kwenye kiti. "Mama. Kile unachomezaga ukishakula cha mchana, si cha presha?"

"Cha presha ninameza asubuhi. Hiki ni cha kwako."

"Nani alikuambia saa nane?" akauliza daktari.

Bibi akajiweka sawa kitini. Hili alikuwa amejisimulia mwenyewe mara nyingi, na kila mara alijisimulia kwa fahari. Kule Uhindi, Raisa akiwa bado chumba kingine na mipira ya dripu, nesi alikuja kumwelekeza dawa zake. Hajui Kiswahili, hajui Kirundi, hata Kifaransa hajui, na mkalimani amekwenda kula. Wagonjwa wengine wangelia. Bibi Riziki, mtu wa shule ya msingi, hakulia. Nesi alionyesha kidonge, akainua vidole, mkono mmoja vitano, mwingine vitatu, akaonyesha dirisha lenye mwanga. Kisha akainua tena vilevile, akafumba macho na kulaza kichwa kwenye kiganja. "Nikaelewa palepale," alisema Bibi, na akainua vidole vyake vinane vinavyotetemeka. "Saa nane ya mwanga, saa nane ya usingizi. Vidole havina lugha."

Généreuse, aliyekuwa ameingia na sindano, akasimama mlangoni.

"Mukecuru," alisema daktari taratibu, kama mtu anayetembea kwenye matope ya Gitaza. "Wahindi wanahesabu saa kama Wazungu. Vidole vinane vya Muhindi ni *huit heures*. Kwetu ni saa ngapi hiyo?"

Bibi akaviangalia vidole vyake. Akahesabu. Mtoto wa darasa la pili angejibu.

"Saa mbili," alisema.

"Saa mbili asubuhi, saa mbili usiku."

"Lakini pale hospitali walikuwa wakininywesha muda wowote!"

"Saa yako ulikuwa umeigeuza ifuate ya kule?"

Hakuwa ameigeuza. Aliiacha kwenye majira ya Rumonge ili ajue nyumbani wanakula nini.

"Mama!" Raisa alilipuka, na Bibi akashukuru kimoyomoyo kuisikia sauti ile ikirudi. "Mimi niko nimefungwa mipira mpaka puani, wewe unasoma vidole! Miaka saba! Kichwa hicho ni cha mutu ama ni jiwe la kuponda majani ya sombe?"

"Usinitukane, ini lako linasikia."

Généreuse alilazimika kuweka sindano chini kwa kucheka. Daktari pia alicheka, lakini alikuwa amekwisha shika kalamu. Kumbe kumeza kwenyewe, alieleza, hakukuwa na ubaya. Kutoka saa nane hadi saa nane ni sawa na kutoka saa mbili hadi saa mbili. Ubaya ulikuwa kwenye damu. Damu hii hutolewa mgonjwa akikaribia kumeza tena, dawa ikiwa imeshuka chini kabisa. Bibi alikuwa akija asubuhi, amemeza usiku wa manane, dawa ingali juu, akiulizwa kama ameshameza asubuhi anajibu hapana, na ni kweli. "Nimekuwa nikimuuliza mgeni kama ana njaa huku bado anatafuna," alisema. "Kila mara anasema ameshiba, na mimi napunguza chakula. Ini limekonda kwa heshima zetu sisi wawili. Généreuse, toa damu sasa hivi, kabla hajameza."

Ikatolewa. Majibu yalipokuja, dawa ilikuwa chache mno, yenye kutia huruma. Daktari Casimir hakubadilisha dawa. Aliongeza kile alichokuwa amepunguza, akamsogeza Bibi kidogokidogo mpaka saa mbili, na baada ya vipimo viwili akapiga simu. Raisa aliisikiliza akiwa sokoni, mikono imejaa mawese, simu imebanwa begani. Ini lilikuwa limetulia. Akampa mteja aliyekuwa mbele yake kikombe cha nyongeza, jambo ambalo soko la Rumonge bado linalizungumza.

Kwa Bibi Riziki kukabaki tatizo moja. Alikuwa akimeza mapema na kulala mapema, lakini mwili uliozoeshwa miaka saba haukuambiwa habari za Wahindi. Saa nane ya usiku macho yanafunguka yenyewe. Usiku wa kwanza alilala akitazama bati. Usiku wa pili vilevile. Wa tatu akasema, sasa nimekaa macho bure, na huyu niliyepewa yuko hai. Akaamka, akatawadha, akaswali gizani. Taa hakuiwasha. Aliona haya Mola asije akadhani anajionyesha, baada ya yote yale.

Akaendelea hivyo kila usiku.

Ijumaa moja Mzee Uledi alimpita mlangoni, akamtazama kwa masikitiko, akatikisa kichwa.

"Bibi Riziki," alisema, "siku hizi taa yako siioni. Umelegea, mama."

Bibi akajishika ubavu wa kulia. Jibu lilikuwepo, tena kali, limefika mpaka kwenye meno.

"Nimelegea, mzee wangu," alisema. "Niombee dua."