Fulana Iliyopigwa Pasi

...na huyu Bernadette asinisukume, foleni haiendi, mbele yangu wamebaki wawili, yule mzee mwenye mbwa na mke wa daktari wa meno, halafu mimi, Marlene wa Mtaa wa Linden, dakika zangu tatu kwenye kipaza sauti, "umeona tulivyojaa, shoga?" ananinong'oneza, nimeona, ukumbi mzima wa shule ni fulana nyekundu, HATUTAKI MAGHOROFA vifuani, yangu imo ndani ya koti, joto linaniua lakini zipu sijaifungua, sijui kwa nini... kijana wa kampuni ya ujenzi anaeleza tena, maskini, tai imemkaba, kwamba wawekezaji watatia pesa, serikali itawapunguzia kodi zao, na kwa hiyo kampuni itabanwa miaka thelathini isipandishe ovyo pango la nyumba hizo za watu wa kipato kidogo, na mzee wa mbwa anadakia, "sasa hao mtakaotuletea ni watu wa aina gani?" ukumbi unacheka, nami nacheka, kijana anamjibu, "ni kama mpishi wa shule hii, mzee, au msaidizi wa wauguzi mwenye mtoto mmoja..." msaidizi wa wauguzi, mwenye mtoto mmoja, na mimi naacha kucheka, kwa sababu huyo namjua, tangu aachane na mumewe Todd analala kwenye chumba changu cha cherehani, yeye na Maisie, mguu wa mtoto unaning'inia nje ya kile kitanda cha kukunja, Shauna, Shauna wangu, wiki iliyopita akisugua sufuria aliniuliza bila kugeuka, "Mama, zile nyumba zitaanza kujengwa lini?" nikamjibu, "hazijengwi ng'o, sisi tukiwa hai," nikadhani ni swali tu, kama mtu anavyouliza theluji itaanza lini, akasema "aha," akaendelea kusugua, na sufuria ilishatakata zamani... "watakuja na shida zao," ni mke wa daktari wa meno, keshafika mbele, kumbe foleni inakwenda, shida zipi jamani, mwanangu anatoka alfajiri kwenda kuogesha wazee, mama yake Bernadette akiwemo, Bernadette huyuhuyu anayeniambia kila Jumapili, "mama hali mpaka alishwe na Shauna wako," na mimi pale kanisani nawaambia watu yuko kwangu kwa muda tu, anatafuta nyumba ya kununua, ya kununua! kwa mshahara ule, katika mji huu, nimemwonea aibu mtoto niliyemzaa... na leo, Mungu wangu, leo kabla sijatoka nimeichomoa fulana kwenye mfuko imejikunjakunja yote, akasema, "lete hapa, Mama, utakwenda hivyo mbele za watu?" akaitandaza, akaanza na mgongo, akaja kwenye mikono, akaigeuza, yale maneno yakamtazama usoni, akapitisha pasi polepole juu ya kila herufi, isiungue... "fungua koti, shoga, waione!" Bernadette ananivuta, "anayefuata," mwenyekiti anaita, "Bi Marlene Stukel," na mimi bado nimeshika zipu, kitambaa kimenilala kifuani hakina kunyanzi hata moja, upande huu wa mbele aliupiga mara mbili, nilikuwa nimesimama palepale natafuta funguo za gari, alikuwa ananisubiri niseme acha, mwanangu, na sikusema.