Shikamoo Nane

Mwalimu Patriki aliisoma hesabu ya Hilda kwa sauti, kidato cha kwanza kizima kikisikiliza. Umbali kutoka kwao Nambis hadi shuleni: mita 4,200, alizozipima mwenyewe kwa kamba. Muda: dakika sabini. Mwendokasi: mita moja kwa sekunde.

"Mita moja! Binti, unatembea au unachunga mbuzi?"

Darasa likacheka. Hilda hakucheka. Alishachelewa mara nne, na ya tano ilikuwa barua kwa baba. Baba naye alishaapa: barua ikifika, shule basi, akashike jembe.

"Mwalimu, mimi huwa nakimbia kabisa."

"Namba hazidanganyi. Kesho nakuja kwenu na saa yangu."

Mwalimu alikuwa na wiki tatu tu tangu ahamie kutoka Dar, na mgeni ni kuku mweupe.

Alfajiri wakaondoka, Hilda akikaza mwendo mpaka mwalimu akahema. Kisha wakamkuta Mzee Akonaay akifungulia ng'ombe.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Mmeamkaje? Baba hajambo? Mahindi je? Na huyu ni wa nani?"

Mwalimu akasalimia huku akiendelea kutembea, jicho kwenye saa.

"Wewe kijana," mzee akamwita, "unasalimia huku unakimbia, kuna moto?"

Mwalimu akarudi kwa aibu, akasimama wima, akautaja ukoo wake wote mpaka babu wa babu.

Walibaki wazee saba. Wa mwisho, Bibi Bernadina, haoni. Kila asubuhi husimama uani akisikilizia hatua za Hilda. Hilda akainamisha kichwa, bibi akakishika kwa mikono miwili.

"Leo umekawia, mjukuu wangu. Nikasema labda unaumwa."

Hapo mwalimu alisahau kutazama saa.

Getini walimkuta Madam Judica, mwalimu wa zamu, na daftari la wachelewaji. Barua ilikuwa tayari imeandikwa.

"Ya tano hii," Madam Judica akasema.

"Andika wawili," Mwalimu Patriki akajibu. "Mtoto ana mwendo kuliko mimi. Nilikosea, dakika alizosimama nilizihesabu kama za kutembea."

Akachukua kalamu, akaandika jina lake juu ya la Hilda, na penye sababu akaandika: Shikamoo nane.

Madam Judica, mzaliwa wa Nambis hukohuko, akasoma, akaguna. Akamgeukia Hilda.

"Bibi Bernadina hajambo?"

"Hajambo, madam."

Akaikunja ile barua, akaitia mfukoni.