Tangi la Samaki Juu ya Sebule ya Bwana Lüdecke

Kwa miaka sita Roswitha Tönnies na mumewe Egon walikaa ghorofa ya tatu ya jengo moja kuukuu mjini Wuppertal, na kwa miaka yote hiyo jirani wa chini yao, Bwana Lüdecke, hakuwahi kupanda kuwajulia hali. Alichowaletea ni vikaratasi tu, anavibandika mlangoni: vueni viatu ndani, msiburute kabati. Basi Jumamosi ile, wachukuzi walipopandisha tangi la samaki la lita mia nne na hamsini, na mzee huyo akatokea nyuma yao na ndala miguuni, anatweta, Roswitha alijua pana jambo.

"Hilo mtaliweka wapi?" aliuliza, hata salamu hakutoa.

"Hapo, ukuta wa chumba cha kulala," Egon alijibu.

"Kwa nini lisikae kule, ukuta wa ngazi?"

"Kule jua linapiga," alisema Roswitha. "Maji yatageuka supu ya mchicha."

"Afadhali mchicha," mzee alinong'ona, akashuka.

Nusu saa baadaye akarudi na bakuli la saladi ya viazi. Egon alilipokea kwa mikono miwili. "Unaona? Mtu mwema."

"Mwema tangu lini? Usionje mpaka nijue anatafuta nini."

Roswitha alikuwa dereva mstaafu wa treni ya mjini inayoning'inia chini ya reli, na miaka thelathini ya kutazama mishale ya vipimo na taa ilimfundisha kutoamini kitu kwa sababu tu kimetulia. Stendi waliiweka, akailaza pimamaji, kile kipimo cha usawa, juu yake, kwa urefu kisha kwa upana. Kiputo cha hewa ndani yake kilikaa katikati. Wakatandika sponji jembamba, wakaliteremsha tangi taratibu, wakapanga mawe.

"Sasa tujaze," Egon alisema, mpira wa maji mkononi.

"Theluthi moja tu. Halafu tunangoja."

"Mke wangu, samaki watazeeka dukani!"

"Wazeeke."

Maji yalipofika theluthi, alibandika utepe mwembamba kwenye kioo, sawasawa na uso wa maji, pembe hadi pembe. Wakanywa kahawa. Saa moja ikapita. Aliporudi kutazama, upande wa kulia maji yalikuwa yamepanda juu ya utepe, na wa kushoto yameshuka chini yake, karibu unene wa kidole. Akarudisha pimamaji kwenye ukingo wa stendi. Kiputo kilikuwa kimekimbilia kushoto.

"Egon. Sakafu inazama."

Kabla Egon hajajibu, mlango uligongwa. Alikuwa Bwana Lüdecke, uso mweupe, na begani ana vumbi la lipu.

"Tafadhali," alisema. "Toeni maji."

"Umejuaje?" Roswitha alimkazia macho. "Umekaa kutwa nzima unachungulia dari?"

Mzee alilitazama tangi, si yeye.

"Egon, toa maji kwa mpira. Mimi nashuka naye."

Chini, Roswitha alisimama mlangoni mwa sebule. Palipopaswa kuwa na ukuta, chini ya tangi lake hasa, palikuwa wazi. Vyumba viwili vilikuwa kimoja, na darini ufa mpya ulikuwa umepita kutoka upande hadi upande.

"Ukuta uko wapi, Bwana Lüdecke?"

"Niliubomoa kabla hamjahamia. Mke wangu Marlies alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, mlango ulikuwa mwembamba. Matofali niliyatoa nje kwa mfuko wa sokoni, kidogo kidogo. Mwenye nyumba hajui." Akafuta uso kwa kiganja. "Marlies alifariki. Mimi nikabaki na hofu. Mkitembea huko juu, nahesabu hatua zenu."

Roswitha alimhurumia, na papo hapo hasira zikampanda.

"Miaka sita nimelala juu ya shimo lako! Ukanizuia viatu, badala ya kuniambia ukweli?"

"Nilidhani nitafukuzwa."

"Na sisi tungeanguka na samaki wetu, ungesemaje?"

Roswitha alimpa mzee simu yake mwenyewe, akasimama karibu yake mpaka mzee alipomwambia mwenye nyumba kila kitu. Siku hiyo hiyo mafundi walikuja wakaegemeza dari kwa nguzo za chuma. Juma la tatu waliingiza boriti ya chuma, na mhandisi akapanda mwenyewe kuwaonyesha akina Tönnies mahali salama pa tangi: kule kule, ukuta wa ngazi. Roswitha alinunua pazia zito la kuzuia jua. Walijaza kwa siku mbili, kila hatua wakibandika utepe upya, na maji hayakuuacha.

Mzee hakufukuzwa. Samaki walipoingia, alikaribishwa kuwatazama. Alikaa mbele ya kioo, akiwafuata kwa kidole.

Roswitha alimmiminia kahawa, kisha akauliza taratibu, "Na bafuni, Bwana Lüdecke? Huko hukubomoa kitu?"

Mzee alicheka. Roswitha hakucheka. Alibaki ameshika birika, akingoja jibu.