Mama wa Mchezo wa Tatu

Kiangazi kile ukumbi wa michezo wa mkoa ulijitwisha kazi ya kichaa: tamthilia tatu na michezo miwili ya nyimbo na densi, yote ndani ya msimu mmoja. Fundi wa mavazi alikuwa mmoja tu. Chumba chake, nyuma ya jukwaa, kilijaa makoti ya wafalme, aproni za wauguzi na mabawa ya malaika yaliyoning'inia dirishani, na ilifika mahali hata yeye hakujua nani anavaa nini katika mchezo upi. Asubuhi moja alimpa hakimu sketi ya mcheza densi, na hakimu akaivaa bila kuuliza.

Lakini uliomvuruga kabisa ni mchezo wa tatu. Uliandikwa na mdogo wake, kitinda mimba wa nyumba yao, na ulikuwa wa kwanza kati ya aliyoandika kupandishwa jukwaani. Fundi alijigamba kwa kila mtu, "Huyo ni mdogo wangu," ingawa hakuwa ameusoma. Cherehani haikumpa nafasi.

Siku ya kupima mavazi alikuwa amepiga magoti jukwaani, pini mdomoni, akikunja pindo la gauni la mwigizaji aliyecheza mama. Mwongozaji akasema mazoezi yaendelee hivyo hivyo. Mwigizaji akavunja sahani, akabeba sanduku, akamfokea mume wa mchezoni: "Waambie watoto naumwa! Waambie nimelazwa! Nitarudi nikirudi."

Pini zikamponyoka fundi, zikatawanyika sakafuni.

Alipokuwa darasa la tatu, na mdogo wake bado wa kubebwa, mama yao alilazwa hospitali kwa muda mrefu. Baba alisema watoto hawaruhusiwi wodini. Hilo fundi alilijua kama anavyolijua jina lake.

Alimkuta mdogo wake kwenye korido, anamenya chungwa.

"Wewe, habari ya hospitali umeitoa wapi?"

"Dada, ni mchezo tu."

"Sikuulizi kama ni mchezo. Umeitoa wapi?"

Mdogo akalitazama chungwa. "Kamuulize Mama."

"Nimuulize nini?"

"Si unajua."

"Ningejua ningekuuliza?"

"Mimi nilidhani unajua! Wewe ndiye mkubwa."

Fundi aliondoka hata futi ya kupimia ikiwa bado shingoni. Njiani alijaribu kuipanga habari hiyo, ikagoma kupangika. Kama Mama hakuumwa, basi alikimbia. Kama alikimbia, Baba alimfanya nini? Akaanza kumwona marehemu baba yake, mtu wa upole, akiwa na sura ya yule mume wa mchezoni mwenye ndevu za bandia.

Mama alikuwa uani anaanua nguo.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Shika huku." Akamkabidhi ncha mbili za shuka wakunje pamoja.

"Mama, ule mwaka uliolazwa, ulikuwa unaumwa nini?"

Mama akakunja mkunjo wa kwanza, akakunja wa pili. "Sikulazwa."

"Ulikuwa wapi?"

"Nilikwenda kuimba. Bendi ilipita mjini, wanatafuta sauti ya kike. Baba yako akaniambia nenda, usije ukanilaumu uzeeni. Hospitali aliizua yeye, hakujua awajibu nini majirani."

"Kwa hiyo hakukufukuza?"

"Anifukuze kwa lipi?"

"Mbona kwenye mchezo mnagombana mpaka sahani zinavunjika?"

"Hayo ni ya mdogo wako. Anasema bila ugomvi watu watasinzia."

Fundi akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa. Alilokumbuka si kweli, na alilosikia jukwaani si kweli vilevile. "Yeye ulimwambia. Mimi je?"

"Yeye aliniuliza. Wewe hukuuliza, wewe ulinihudumia. Siku niliyorudi ulinipokea sanduku, ukanilaza, ukanikataza hata kuchota maji. Kila jioni unanishika paji la uso uone kama nina homa. Nikasema kesho nitamwambia. Kesho yenyewe ndiyo hii."

"Mama, jumba kubwa la maonyesho la mji mkuu liliponiita kazini nilikataa. Nilisema afya yako si nzuri."

Shuka likamponyoka Mama. "Kwa ajili yangu? Mimi nilidhani hupendi mji mkuu!"

Fundi akainuka, wakaliokota na kulikunja upya.

Fundi alitaka kukasirika, ila hakujua aanze na nani: Mama, Baba aliyelala kaburini, au yule mtoto wa darasa la tatu aliyejifanya daktari. Akarudi kazini akamalizia pindo. Akalishona upande wa ndani ukiwa nje, akafumua, akalishona upya.

Usiku wa uzinduzi ukumbi ulijaa. Fundi alisimama nyuma ya pazia la pembeni. Sahani zilipovunjika watu walishika vinywa, na yeye machozi yakamtoka, akiwalilia wazazi wake kwa ugomvi ambao hawakugombana. Alipochungulia, Mama naye alikuwa anajifuta macho.

Watazamaji walipotawanyika mama na binti walirudi kwa miguu.

"Mama, wewe ulikuwa unalia nini?"

"Sijui. Nilimwonea huruma yule mwanamke."

Wakapita maduka yaliyokwisha fungwa. Fundi akauliza tena, safari hii kwa sauti ndogo: "Ulikuwa unaimba vizuri?"

Mama akafikiri sana. "Hapana. Kulikuwa na wasichana wawili walionizidi mbali. Niliwekwa nyuma, natikisa njuga."

Fundi akaangua kicheko, na katikati yake hakujua kama bado anacheka. Mama akamshika mkono, wakavuka barabara.