Mfalme Alikasirika

Noa alipojikunja, Hadasa aliacha kula.

Elkana, kaka yake Hadasa, alikuwa amenyoosha mkono kuchukua chumvi tu. Lakini Noa, binti yake wa miaka kumi na miwili, aliinua bega na kufumba macho, kama aliyezoea kofi. Hamini, ule mchuzi wa nyama na maharage uliolala jikoni tangu jana yake, ulikuwa bado unafuka. Ilikuwa mchana wa Sabato, nyumbani kwa baba yao, mzee Menashe, huko Safed.

Mzee alikuwa akieleza somo la juma lile: baba aliyempandisha mwanawe mlimani, akamfunga kamba juu ya kuni. Miaka arobaini alikuwa amefundisha Maandiko katika sinagogi lao, na watu walisimama akipita.

"Imani ya namna ile," alisema, "leo utaipata wapi?"

"Na yule mtoto?" Hadasa akauliza. "Baada ya mlima, imeandikwa wapi kwamba alisema tena na baba yake?"

Mzee akatabasamu kama mwalimu. "Wafafanuzi wamesema mengi, binti yangu."

"Haya, tumwache huyo. Yule mfalme ambaye mwanawe alimnajisi dada yake. Baba yao alipopata habari alifanya nini?"

"Hadasa," Elkana alisema, "kula."

"Mfalme alikasirika," mzee alijibu. "Alikasirika sana."

"Halafu?"

Mzee akapangusa mdomo, akakitazama kitambaa cha meza.

"Halafu basi," Hadasa akasema. "Kama wewe. Elkana aliponivunja mkono nikiwa na miaka kumi na minne, ulikuwa chumba cha pili na kitabu chako. Daktari akaambiwa nimeanguka ngazini. Ulikasirika, Baba? Maana hata hilo sikuliona."

"Unainajisi Sabato."

"Anayeinajisi ni huyu. Mtazame mjukuu wako."

Elkana akainuka, kiti kikaanguka. "Ndiyo maana hakuna mwanamume aliyekaa nawe. Ulimi wa nyoka huo."

"Nipige basi. Leo mashahidi wapo."

Hakumpiga. Alimgeukia mkewe, Brakha, akamwambia wanaondoka. Brakha alisimama, akamshika Noa mkono, akamwendea Hadasa.

"Wifi, kwako kuna nafasi?"

"Ipo."

"Ukitoka na huyo, usirudi," Elkana akasema.

"Sirudi." Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini miguu ilikwisha kufika mlangoni.

Wakateremka kwa miguu ngazi za mawe, wote watatu, majirani wakichungulia madirishani. Jumapili asubuhi Brakha alikwenda polisi.

Jumanne mzee Menashe alibisha hodi kwa Hadasa, anahema, jasho likimtiririka ndevuni.

"Nilisikia," alisema kabla ya salamu. "Siku ile. Nilisikia mfupa."

Hadasa alikuwa ameyangoja maneno hayo miaka ishirini na saba. Yalipofika, alijikuta anamchukia zaidi.

"Kawaambie polisi."

"Ni mwanangu yule, Hadasa."

"Na mimi nilikuwa nani?"

Kutoka jikoni Noa akauliza ni nani aliyebisha.

"Mtu wa sinagogi," Hadasa akamjibu, akafunga mlango.