Mashuka Meupe Juu ya Paa

Dobi wa nyumba ya wageni hakuwa mtu wa kuacha nguo zilale na umande, lakini jioni ile aliyapandisha mashuka yote meupe juu ya paa akayaanika upya, mpaka kamba zikalegea. Binti yake wa pekee, muuguzi aliyekwenda kufanya kazi ng'ambo na hajakanyaga nyumbani tangu baba yake azikwe, alikuwa anahamishiwa nchi nyingine, na ndege yake ingepita juu ya mji wao giza likishaingia. Kutua haitui, inapita tu.

"Anika meupe, mama," alimwambia kwenye simu. "Nitakaa dirishani nikutafute."

Mpiga pasi, mwenzake wa siku nyingi, alimfuata juu na kikombe cha chai, akimtania kwamba siku hizi anafulia malaika. Midomo ya Dobi ilikuwa kwenye dua.

Mara ikachomoza taa upande wa milimani, nyeupe, imetulia, inateleza kimya kimya. Dobi akavua kitambaa cha kichwani akakipunga, akaifuata taa ile toka ukingo huu wa paa hadi ule, akimwombea mwanawe kwa jina, mpaka ikafifia katikati ya anga kama iliyopulizwa.

"Mwenzangu," mpiga pasi alisema taratibu, utani umemwisha. "Ile haikupepesa. Ndege hupepesa. Ile ni setilaiti, haina mtu ndani."

Dobi akageuka. Huko nyuma ya tangi la maji, taa ndogo nyekundu ilikuwa inapepesa ikiishilia, na ngurumo yake ndiyo kwanza inafika. Akasimama kuisikiliza mpaka ikakatika.

Asubuhi simu ikalia. Binti akauliza kama alianika. Alianika yote, akajibiwa.

"Walinipa kiti cha juu ya bawa, mama. Nimeona bawa tu."

Dobi angeweza kumfariji kwa uongo mdogo, lakini hata huo hakuuzoea.

"Na mimi nilipungia taa nyingine. Wewe nimekuona mgongo tu, kama siku ile ulipoondoka."

Binti akacheka.

"Safari nyingine nitapita chini, nibishe hodi," akasema.

Mashuka yalikuwa chepechepe, ikabidi yashinde juani. Jioni Dobi akapanda kuyaanua, akakawia. Kila taa iliyopepesa aliiombea. Ndani yake mlikuwa na mtoto wa mtu.